Sauti Iliyoruka Kati ya Nyimbo

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, sauti iliruka.

Wimbo wa kwaya ulikuwa umekwisha kwa utulivu, zikafuata sekunde tatu za kimya, kisha tarumbeta za beni zikaingia kwa kishindo hata vikombe vikalia kabatini. Mzee Andongwisye Kasekele alishika kifua. Kabla hajainuka kitini, tarumbeta zile zikaanza kushuka zenyewe, kidogo kidogo, mpaka zikawa sawa na kwaya iliyotangulia, kana kwamba hazikumkosea mtu.

"Adabu mbovu," akakiambia kinanda.

Kinanda kile cha nyumba, sanduku la kupigia nyimbo zilizorekodiwa, alikiunda yeye mwenyewe, na mfano wake ulikuwa katika nyumba zote sitini za mji wa Lusungo. Ndani yake aliweka kitu alichokiita mizani. Kabla wimbo haujapigwa, mizani iliupima uzito wake na kuuandikia namba. Wimbo mzito ulipunguzwa, mwepesi ukaongezwa, na hivyo msikilizaji akakaa saa nzima bila kunyoosha mkono. Mzee alikuwa amerekodi kwaya za makanisa kwa miaka arobaini, tangu zama ambazo waimbaji walisimama mbele ya kinasa sauti kimoja tu, na aliamini kwamba wimbo unaoukemea mwenzake ni dalili ya fundi mvivu.

Nje, majivu ya mlima Rungwe yalikuwa yakianguka kwa siku ya nne. Madirisha ya chuma yalikuwa yamefungwa, na mwanga wa saa tatu asubuhi uliingia kupitia ufito wa kioo juu ya mlango ukiwa na rangi ya maji ya dobi. Simu za hewani zilikuwa zimekufa, kama zilivyokufa kila mara majivu yalipojaa angani. Mkewe, Mama Lwitiko, alikuwa ameteremka Kyela kumuuguza dada yake, na njia ikafungwa nyuma yake. Mwanawe Lwitiko alikuwa zamu kwenye kituo cha mvuke, ng'ambo ya bonde. Ndani ya nyumba walibaki watu wawili, na watu hao wawili hawakuwa wamewahi kuonana.

Mzee alisimama kwenda kuchukua miwani yake. Ilimlazimu kupita mbele ya mlango wa kati, na kama ilivyokuwa desturi yake alikohoa na kuugeuzia uso ukuta. Nyuma ya mlango ule aliishi Subilaga, mke wa Lwitiko, tangu siku alipoletwa amefunikwa kitambaa, miezi ishirini na miwili iliyopita. Mkwe hamtazami mkwewe, wala hamsemeshi, wala hamtaji jina. Ndivyo wazee wa Unyakyusa walivyoishi zamani, na ndivyo Lusungo ilivyorudi kuishi. Lakini wanawake wa Lusungo hawakuirudisha desturi hiyo ili kuwafurahisha wazee. Katika miaka ya majivu ya kwanza, watu kumi na watano walipofungiwa chumba kimoja kwa miezi, yalitendeka mambo ambayo mpaka leo hayasemwi mbele ya watoto. Majivu yalipokoma, Baraza la Wanawake liliamuru kila nyumba ijengwe pande mbili, kuta zisizopitisha hata kilio, na mlango mmoja wenye makomeo upande wa mwanamke peke yake. Kazi hiyo walimpa Andongwisye, kwa sababu jina lake lilikuwa safi.

Subilaga, alipochumbiwa, hakuuliza habari ya shamba wala ya ng'ombe. Aliuliza, "Mlango upo?"

*

Mzee alivaa miwani na kuanza kazi kwa taratibu, kama alivyofundishwa na mabwana waliokuwa wakimchapa vidole kwa kuruka hatua.

Kwanza aliiamuru mizani izipime upya nyimbo zote mia mbili, moja moja, kwa kuwa huenda baadhi zilikuwa zimepimwa kwa mafungu na namba zao zikadanganya. Alisubiri, kisha akapiga wimbo wa watoto wa shule, na baada yake ngoma ya harusi. Sauti ikaruka.

Pili alikumbuka kwamba spika nazo zilikuwa na mizani yake ndogo, na mizani mbili zinazopima kitu kimoja huweza kupingana. Aliizima ile ya spika. Alipiga utenzi wa jioni, kisha zeze. Sauti ikaruka zaidi, hata akaziba masikio.

"Ahaa," alisema, sasa kwa hasira halisi. "Unashindana nami."

Tatu, akaweka kikomo. Aliandika kwenye kioo cha kinanda kwamba hakuna wimbo utakaoruhusiwa kuanza juu ya kipimo fulani, hata mizani ingesema nini, hata mkono wa nani ungegusa kitufe. Wimbo uliofuata ulianza kwa mruko mdogo tu, kama mtu aliyejikwaa na kujizuia. Uliofuata huo haukuruka kabisa. Mzee alitabasamu, akajitilia chai ya rangi, akakaa. Zikapigwa nyingine mbili, sawasawa, laini, moja ikiipokea nyingine kama wanakwaya walioheshimiana.

Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kazi bila kuandika chanzo cha ubovu, aliweka kikombe chini na kufungua daftari la ndani la kinanda, mahali kilipojiandikia kila amri kiliyoipokea.

Alisoma mstari wa kwanza. Akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

*Saa mbili na dakika kumi. Kidhibiti cha pili: maombi 3. Ongeza sauti.*

Kidhibiti cha pili kilikuwa kitufe kilichofungwa ukutani upande wa Subilaga, karibu na kitanda. Kinanda kilikuwa kitu pekee ambacho pande zote mbili za nyumba zilishiriki. Na kwa kuwa Andongwisye alipenda adabu, alikuwa amekifundisha kinanda subira: mtu wa upande mmoja akibonyeza kitufe, ombi lake lisubiri wimbo wa mwenzake ukome, lisimkatize. Ombi likishatimizwa, mizani ilirudisha kila kitu kwenye usawa. Aliwahi kusifiwa kanisani kwa subira ile.

*Maombi 9. Ongeza sauti.*

*Maombi 17. Ongeza sauti.*

*Saa tatu na dakika ishirini. Maombi 41. Ongeza sauti.*

Mstari uliofuata ulikuwa ule wa kikomo alichokiweka kwa mkono wake. Chini yake palikuwa na maombi mawili tu, na baada ya hapo kila wimbo uliandikiwa neno moja: *Sifuri. Sifuri. Sifuri.*

Chai ilianza kupoa. Hakuna mtu duniani anayeomba tarumbeta ziongezwe mara arobaini na moja ndani ya wimbo mmoja. Na zile sifuri tatu, alizozinywea chai, hazikuwa ushindi wa fundi; zilikuwa mkono uliokoma kubonyeza.

*

Simu ya waya ilining'inia jikoni, ya kizamani, nyaya zake zikipita chini ya ardhi nyumba kwa nyumba. Upande wa Subilaga haikuwapo, vijana waliicheka. Mzee alizungusha mpini wake mara mbili.

"Kituo cha afya. Sema upesi," ilisema sauti ya Tumpale, mkunga wa mji.

"Ndaga, Mama Tumpale. Ni Andongwisye."

"Ndaga, Baba Lwitiko. Kama ni kifua, lowanisha kitambaa ufunge puani. Leo vifua vyote vya Lusungo vinanipigia mimi."

"Si kifua. Ni kinanda."

Tumpale alirudia: "Kinanda."

"Sauti inaruka kati ya nyimbo."

"Baba Lwitiko, mimi natoa watoto matumboni. Sitoi ubovu vinandani."

Mtu mwingine alicheka ndani ya waya. Waya ulikuwa mmoja kwa nyumba zote, na siku za majivu watu waliinua simu zao kusikiliza, kwa kukosa la kufanya.

"Nisikilize kwanza, mama!" Mzee akamsomea namba na saa, kama asomaye zamu za kufyeka uwanja. Alipofika kwenye sifuri, alizisoma mara mbili.

Mzaha ulikuwa umeondoka kwa Tumpale. "Ya mwisho ilikuwa lini?"

"Robo saa iliyopita, na zaidi."

"Wiki iliyopita nilipompima mimba, miguu yake ilikuwa imevimba na damu yake inakwenda kwa nguvu mno. Nilimwambia, ukiona vimulimuli machoni, au kichwa kikipasuka, nipigie hapo hapo."

"Simu yake ni ya hewani."

"Ndiyo, imekufa. Akabonyeza alichokuwa nacho. Fungua mlango, Baba Lwitiko."

"Makomeo yako kwake. Kama anahitaji mtu, mbona hakuyafungua yeye?"

"Labda hawezi kufika mlangoni."

"Au labda hataki. Labda alitaka muziki tu, akachoka, akalala. Nitaingia kwa mwanamke aliyelala? Mimi? Unajua aliuliza nini kabla hajakubali kuja hapa."

"Najua kukuzidi. Aliponusurika kwenye ile nyumba aliyoishi zamani, isiyo na mlango wa makomeo, aliletwa kwangu." Tumpale alivuta pumzi. "Sikudanganyi. Ukimvunjia mlango bila ridhaa yake naye akawa mzima, hatapata usingizi tena chini ya paa lako, wala chini ya paa lolote. Na akiwa sakafuni nawe umekaa, utawazika wawili. Mimi natoka sasa hivi. Kwa majivu haya nitafika baada ya saa moja na nusu. Muulize."

"Nimuulize kwa njia gani? Kuta hazipitishi sauti!"

"Wewe ndiye fundi wa sauti," alisema Tumpale, na waya ukabaki na mvumo mtupu.

*

Kinasa sauti kilikuwa kabatini, kimefungwa kwa kitambaa. Mzee alikichomeka kwenye kinanda kwa vidole vizito. Aliondoa kikomo. Kisha akaiondoa ile subira, amri baada ya amri, ili kitufe cha upande wa pili kijibu papo hapo. Alipokisogeza kinasa sauti mdomoni, aligundua kwamba hajui aanzie wapi. Tangu aletwe binti yule, jina lake halikuwa limepita katika midomo yake.

"Subilaga," akasema.

Dari haikuanguka.

"Subilaga, ni mimi, baba yake Lwitiko. Nimekiona kitufe chako. Nilidhani ni ubovu, nikauziba, unisamehe. Mkunga yuko njiani. Mlango ni wako. Sitaugusa bila wewe kuniruhusu. Ukitaka niufungue, punguza sauti, mara moja tu inatosha. Ukitaka nikae nilipo, ongeza."

Mizani iliipima sauti yake kama inavyopima wimbo wowote, ikaiandikia namba, ikaipiga nyumba nzima. Ilitoka nzuri, iliyonyooka, mtetemeko wote umelainishwa. Mzee alitaka kukipiga teke kinanda. Ndani ya sauti ile hakumsikia mtu mwenye hofu. Alimsikia mzee wa kanisa akisoma matangazo.

*Sifuri.*

Aliipiga tena. *Sifuri.*

Aliipiga mara ya tatu, na wakati inapigwa alikwenda ghalani akarudi na shoka.

Hapa halina budi kusemwa jambo ambalo Mzee Andongwisye hakumwambia mtu kwa miaka ishirini na miwili, hata mkewe. Makomeo ya milango ya Lusungo yalikuwa imara, na yalikuwa upande wa wanawake, kama alivyoapa. Lakini bawaba zilikuwa upande wa wanaume. Hakukusudia. Alichora mlango mmoja vibaya, mafundi wakanakili sitini, na jioni ya kuumaliza wa mwisho alikaa mbele ya mlango wake mwenyewe, akatazama, akaona. Pini tatu. Mtu mwenye nyundo na msumari angezitoa kwa dakika mbili, na makomeo yale yote yangebaki kushikilia hewa. Alikusudia kusema kesho yake. Kesho yake Baraza lilimvika joho mbele ya mji, wanawake wakilia kwa furaha, naye akaona kwamba kusema siku ile kungekuwa ukatili. Mwaka uliofuata palikuwa na sababu nyingine. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliona kosa lile, akaanza kuamini kwamba halipo.

Ndiyo maana mkononi alishika shoka, siyo nyundo.

Kioo cha kinanda kilimeta. Alikisogelea mpaka pumzi zake zikakitia ukungu.

*Kidhibiti cha pili: ombi 1. Punguza sauti.*

"Yu hai," alisema. "Ameniruhusu."

Alipiga shoka. Mbao zilipasuka kidogo, na chini yake bati la chuma likarudisha shoka hata mabega yake yakafa ganzi. Alipiga tena, na tena. Alikuwa amelipachika bati lile yeye, kwa uaminifu wote, nalo halikumwonea huruma. Mlango uliovunjwa kwa shoka usingemuuliza mtu swali lolote. Alipiga mara ya nane, ya tisa. Lilikuwa limetokea tundu la kupitisha kidole.

Alitazama saa ya ukutani. Dakika sita zilikuwa zimekwenda tangu binti yule apunguze sauti kwa mkono ambao huenda ulikuwa wa mwisho kuinuka. Dakika sita kwa ajili ya joho.

Alilitupa shoka na kukimbilia nyundo.

*

Subilaga alikuwa amelala chini ya kitufe, shavu limegusa sakafu, khanga imelowa. Uso wake ulikuwa umevimba. Mzee alisimama kizingitini na kuinamisha macho.

"Baba," alisema Subilaga, kwa sauti nyembamba ambayo Mzee hakuwa ameisikia kamwe. "Usisogee. Kaa hapo hapo."

"Nimekaa."

"Kichwa kinapasuka. Sioni vizuri. Una nini mkononi?"

Mzee alitazama kiganja chake. Zilikuwamo pini tatu, zimepauka kwa kutu. Angeweza kusema ni misumari.

"Pini za bawaba."

Subilaga alifumba macho, uchungu ukampitia wote, akaung'ata ukingo wa mkeka mpaka ukapita. Alipofumbua, aliuliza, "Zilikuwa upande wako?"

"Zilikuwa upande wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Katika nyumba zote."

Hakulia wala hakumlaani. Alimtazama tu, na Mzee, aliyekwisha kusimama mbele ya maaskofu na mahakimu, alitamani majivu yaingie yamfunike.

"Leta simu," Subilaga alisema. "Waambie."

"Kwanza tuulize habari ya—"

"Waambie, baba. Kisha tuulize."

Alivuta waya wa simu kutoka jikoni mpaka ukakaza kizingitini. Ndani yake pumzi za watu zilisikika, nyingi.

"Kuna nani?" aliuliza.

"Mama Gwantwa, nyumba ya kumi na mbili," ilijibu sauti nzito ya mwanamke. "Nimezaa saba, na wawili niliwazaa peke yangu. Tumpale amekwisha kuondoka. Umeufunguaje, mzee? Milango ile haifunguki."

"Inafunguka. Bawaba ziko upande wa wanaume, mama, kwako na kwa kila mtu. Nyundo na msumari vinatosha. Nilikosea kuchora, nikalijua kosa mwaka ule ule, nikanyamaza."

Kisha ndani ya waya zikasikika simu zikiwekwa chini, moja, mbili, nyingi, kama mbegu zinazodondoka kwenye sinia. Mzee alifikiri kwamba Mama Gwantwa naye amekwenda kuutazama mlango wake.

"Hilo tutalizungumza," Mama Gwantwa alisema hatimaye, kila neno likitoka peke yake. "Na usidhani tutalisahau. Sasa mlaze kwa ubavu wa kushoto. Muulize kwanza kama anakuruhusu kumgusa."

Mzee alimuuliza. Subilaga aliuachia ukingo wa mkeka, halafu akatikisa kichwa kukubali.

*

Tumpale aliingia akiwa mweupe kwa majivu kuanzia kilemba hadi viatu, akamsukuma Mzee nje ya kizingiti bila salamu. Mzee aliketi upande wake, mgongo ukutani, akasikia kwa mara ya kwanza mambo yote ambayo kuta zake zilikuwa zimemficha: sindano ikitupwa ndani ya bakuli, Tumpale akikemea, Subilaga akiita jina la mama yake. Aliyasikia bila mizani, madogo yakiwa madogo na makubwa yakiwa makubwa. Adhuhuri ilikuwa imekaribia mtoto alipolia.

"Msichana," Tumpale alisema. "Mama yake amechoka, lakini damu inatulia. Ungechelewa kidogo tu, Baba Lwitiko..." Hakumalizia. Huenda mtu alikuwa amemsimulia habari za shoka, au huenda alikuwa ameliona tundu.

Mzee aliinuka kwa shida. Mlango ulikuwa umeegemea ukuta pale alipouacha. Aliushika pande mbili ili ausogeze penye nafasi yake, na kwa mazoea akageuza uso.

"Baba," Subilaga aliita kutoka ndani.

"Naam."

"Unaurudisha?"

"Ukiniruhusu."

"Urudishwe. Lakini bawaba zipigwe upande huu. Tumpale atazipiga."

"Ndiyo."

Mzee aliuinua mlango, akauegemeza kizingitini, mwanga wa chumba kile ukaanza kupungua usoni pake. Ulikuwa umebaki upana wa kiganja aliposikia tena ile sauti nyembamba.

"Na nyundo," Subilaga alisema, "iache huku."